Gego la Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefikishwa kwa daktari wa meno. Nasema nimefikishwa, sikwenda. Mke wangu amechoka kuniona nikinywa uji kwa mrija. Nilimweleza kuwa ni mtindo mpya wa kula. Akasema naye ana mtindo mpya, akanishika mkono mpaka mlangoni kwa daktari.

Daktari mwenyewe binti mdogo. Sauti ya taratibu, mikono ya baridi. Akaligonga gego langu la chini kushoto kwa kichuma. Nikaruka. Akasema ahsante, jibu amelipata. Akalipiga picha, akanionyesha kwenye skrini: uozo umeshuka mpaka kwenye mzizi. Njia ni mbili. Kung'oa, au kusafisha mzizi, yaani anatoboa jino kwa juu, anaondoa neva iliyooza, anasafisha ndani, anaziba. Jino linabaki. Ushauri wake ni kusafisha, kwa sababu gego bado lina nguvu. Ila nisikawie. Uozo ukisambaa, hata hiyo nafasi ya kuchagua itapotea.

Anatoboa! Alilitamka neno hilo kama mtu anayesema anafungua dirisha.

Nikauliza kama inauma. Papo hapo nikajuta, maana mimi ni kinyozi. Miaka yote hii, kabla ya kumpaka mteja spiriti kwenye shingo iliyotoka kunyolewa, namwambia neno moja: haiumi. Uongo mtupu. Inawasha hadi machozi. Lakini ndivyo tulivyofundishwa kazi, la sivyo mteja atakimbia na kitambaa shingoni. Kwa hiyo mtu mwenye kifaa mkononi akiniambia haiumi, mimi huyo namjua. Nikamwahi kabla hajafungua kinywa. Nikasema nina mteja ananisubiri, nikatoka.

Sikukimbia. Nimeamua kulipima jambo hili kwa utulivu.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi wa pili pale dukani tunamwita Mikasi. Kiti chake kiko pembeni ya changu. Kijana wa viatu vyeupe, anajiita mtaalamu wa mitindo. Asubuhi nilijaribu kumficha shavu, lakini dukani kwetu kuna vioo mbele na vioo nyuma. Huna pa kupeleka shavu.

Akaja. Akaniambia kaka, mimi nilisafishwa mzizi mwaka jana, haiumi hata kidogo, nililala usingizi kabisa.

Alivyosema! Kichwa kakiinamisha upande, mkono kauweka begani kwangu, sauti laini. Ndivyo anavyosimama akiwa na chupa ya spiriti nyuma ya mgongo. Nimefanya kazi naye muda mrefu, sidanganyiki. Anataka nilale nyumbani na mdomo uliofungwa bandeji ili amchukue mhasibu. Mhasibu ni mteja wangu. Ana nywele pembeni tu, na anataka zionekane zimeenea kote. Kazi hiyo haifanywi na kila mtu.

Wateja nao kila mmoja ana kisa chake. Mmoja ameniapia kuwa jirani yake alizirai kwa sababu ya kusafishwa mzizi. Nikambana anieleze. Ikaja kujulikana alizirai kwenye ngazi, kabla hajaingia.

Bado nimekihesabu kisa hicho kuwa ushahidi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango kabambe. Badala ya kusikiliza porojo, nikaenda kukaa chumba cha kusubiri cha daktari, na gazeti mkononi, niwahoji wagonjwa wanapotoka. Mapokezi nikasema namsubiri mke wangu.

Wa kwanza kutoka ni jibaba la kujaza mlango. Mdomo umelegea upande mmoja, udenda unamtoka. Nikamuuliza kama inauma. Akanijibu, "Hawa howe howe." Nikaandika: ulimi umeharibika. Wa pili ni mama mmoja, mwalimu, leso usoni, macho mekundu. Nikaandika: analia. Wa tatu ni mzee aliyetoka akicheka peke yake. Nikaandika: akili.

Nilikuwa namalizia neno hilo dada wa mapokezi aliponiuliza huyo mke wangu anatibiwa chumba gani. Nikasema cha mwisho. Mlango wa nje ukafunguliwa, mke wangu akaingia. Alikuja kunipangia miadi.

Njiani alitembea mbele yangu kwa kasi. Hapo ndipo ninapomwogopa. Tulipofika nyumbani akanieleza kuwa yule mwalimu anamfahamu, na alikuwa akilia kwa furaha, ameambiwa jino lake litapona. Yule wa kwanza alikuwa na ganzi tu, mdomo utaamka baada ya muda mfupi. Na yule mzee alikwenda kuchukua meno ya bandia, anayafanyia mazoezi.

Sikubishana. Lakini yeye hakuwepo walipotoka. Mimi nilikuwepo.

Miadi ni Jumatatu.

Ijumaa, 7 Machi

Muujiza! Nimeamka, maumivu hakuna. Nimeligonga gego kwa kijiko. Kimya. Nimekunywa maji baridi. Kimya. Karafuu zangu zimefanya kazi, na maji ya chumvi, na zaidi ya yote msimamo wangu.

Nimeingia dukani nikipiga mluzi. Nimemwambia Mikasi kuwa wengine tunajitibu wenyewe. Akasema jino likinyamaza ghafla si dalili njema, hata lake lilinyamaza. Wivu.

Mchana nikapiga simu kufuta miadi. Ili nisiulizwe maswali, nikajifanya kaka yangu mkubwa. Nikasema mgonjwa amesafiri. Dada wa mapokezi akauliza atarudi lini. Nikasema sijaamua. Nikajirekebisha haraka, nikasema hajaamua. Akashukuru kwa heshima kubwa. Nadhani hakushtuka.

Jioni nikamtambia mama mkwe, ambaye yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Yeye kinywani amebakiwa na meno mawili, na hayatazamani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, haya baba, hongera.

Jumamosi, 8 Machi

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na shavu.

Nimeamka sura haienei kwenye kioo. Upande wa kulia ni mimi, upande wa kushoto ni mtu mwingine, mnene, mwenye hasira. Na leo ni Jumamosi, siku ya wateja wengi. Nikavaa barakoa. Barakoa ikakaa pogo, sikio la kushoto likavutwa mbele. Nikawaambia wateja nina mafua.

Mhasibu akaketi kwenye kiti changu. Nikamfunga kitambaa. Akaniangalia kwenye kioo, akaangalia mkono wangu ulioshika wembe, ulikuwa unatetemeka kwa homa. Akafungua kitambaa mwenyewe, polepole, akahamia kiti cha Mikasi. Nilimwona akihama kwenye kioo cha mbele, nikamwona tena kwenye kioo cha nyuma.

Mikasi hakucheka. Alipommaliza mhasibu akanikalisha, akanikanda shavu kwa taulo lililoloweshwa maji baridi, akaniambia kaka nenda nyumbani, wateja wako nitawaambia wakusubiri. Mbinu hiyo bado sijaielewa. Ila taulo lilinisaidia.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamua kung'oa. Kitu cha dakika moja, tumalizane. Nilihitaji mtu wa kuniunga mkono, nikaenda kwa mama mkwe, nikijua yeye ni wa chama cha kung'oa.

Alikuwa anachovya biskuti kwenye chai, anangoja ilainike. Akasema ni kweli, la kwanza lilitoka upesi, na alirudi nyumbani akiimba. Baadaye la jirani likaegemea pengo, likalegea, likang'olewa. Kisha la juu likakosa mwenzake. Akasema alipokuwa kijana hakuna aliyemwambia jino linaweza kuokolewa. Angeambiwa, angeokoa hata moja. Akaitoa biskuti. Ilikuwa imekatika, nusu imezama. Akaichota kwa kijiko.

Kisha akaniuliza waziwazi, baba, unaogopa nini?

Nikasema siogopi. Akaendelea kunitazama. Basi nikasema. Naogopa kulala chali kinywa wazi, mtu anatoboa, na mimi siwezi hata kusema basi. Naogopa sana. Siku zote hizi sikuwahi kulitamka hilo, hata humu. Kisha nikajifanya shavu linauma.

Hakunicheka. Akasema hayo hayo kamwambie daktari, na kwamba atanisindikiza yeye mwenyewe.

Nikakumbuka kuwa miadi nimeshaifuta. Mke wangu akasema kutoka jikoni kuwa miadi ipo. Dada wa mapokezi alimpigia siku ileile. Akaongeza kuwa amefurahi kusikia nina kaka mkubwa, maana tangu tuoane alidhani mimi ndiye kifungua mimba.

Jumatatu, 10 Machi

Yameisha! Niko hai. Nianze mwanzo.

Kiti cha daktari ni kama changu. Kinashuka, kinapanda, kina pa kulaza kichwa. Hata kitambaa nilifungwa shingoni. Ila leo mimi ndiye niliyetazama dari. Mkuki kwa nguruwe. Mama mkwe akakaa kwenye stuli pembeni, mkoba mapajani.

Nikamwambia daktari ukweli wote, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Kisha nikauliza lile swali la Jumatatu iliyopita. Inauma?

Akasema ndiyo. Sindano ya ganzi itauma, kwa muda mfupi, na kwa kuwa shavu limevimba huenda ikauma zaidi kidogo. Baada ya hapo nitasikia mlio na kusukumwa, si maumivu. Nikisikia maumivu niinue mkono wa kushoto, ataacha hapohapo, ataongeza ganzi. Na kesho taya litalalamika.

Jamani. Mtu ana sindano mkononi na anakiri kuwa inauma! Katika kazi yangu sijawahi kukutana na kiumbe wa namna hiyo. Nilitaka kumkumbatia. Aliposema ndiyo, nikayaamini yote mengine, na mwili wangu ukalegea wenyewe.

Sindano iliuma, kama alivyosema. Ikaisha, kama alivyosema. Shavu likaondoka, ulimi ukaondoka. Nikainua mkono, kujaribu tu. Akaacha. Nikainua tena. Akaacha. Mara ya tatu akaniuliza kwa upole kama tayari nimeridhika kuwa mkono unafanya kazi. Nikatikisa kichwa kukubali. Kisha sikumbuki. Mama mkwe anasema nilikoroma, na daktari akawa anasubiri nipumue ndipo aendelee.

Kumbe Mikasi alisema kweli. Habari hii imenishtua kuliko sindano.

Nilipotoka, kijana mmoja kwenye benchi alinitazama kwa macho ya hofu, akaniuliza kama inauma. Nikataka kumwambia kuwa hakuna kitu, ndugu yangu, ingia kwa amani. Nikasema, "Hawa howe howe." Akachukua kofia yake akaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Jana taya lililalamika. Leo limenyamaza. Uvimbe umeshuka, sura yangu imerudi, pande zote mbili zinafanana. Nimekula wali na maharage na mkate juu yake. Mke wangu alinitazama nikila, akageuka upande, akafuta macho. Anasema ni vitunguu. Vitunguu vilikuwa vimekwisha kupikwa.

Nina furaha isiyo na mfano. Usiku uliopita nililala moja kwa moja. Nimemshukuru mama mkwe, akasema haya baba. Nimemshukuru hata Mikasi, akaniambia mhasibu amesema nikipona atarudi kwangu, kwa sababu yeye Mikasi alimnyoa vizuri lakini upara ulionekana.

Daktari amesema nirudi Jumanne. Jino lililosafishwa mzizi huwa jepesi kuvunjika, kwa hiyo anataka kulivalisha kofia ngumu. Mpaka siku hiyo nisitafunie chochote kigumu upande wa kushoto.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kofia. Sikwenda.

Nimelifikiria jambo hili kwa kina. Gego halina neva. Pasipo neva hapana maumivu. Pasipo maumivu hapana ugonjwa. Ugonjwa ukiwa haupo, daktari wa nini? Namheshimu yule binti, lakini kila fundi hupenda kuongeza kazi. Hata mimi mteja akija kunyoa nywele, namwambia na ndevu. Mke wangu nimemwambia miadi imesogezwa mbele.

Alasiri Mikasi akaniuliza mbona sijaenda, lake alilivalisha kofia wiki ileile. Nikamwambia meno hayafanani, la kwangu limetoka kwenye matibabu likiwa imara kuliko lilivyoingia. Wateja wakacheka. Bahati nzuri mhasibu alikuwa amenunua soda za watu wote, kwa furaha ya upara kufunikwa, na opena haikuonekana. Nikasema msihangaike. Nikaiweka chupa upande wa kushoto, nikauma, nikazungusha.

Kizibo kikatoka mara moja. Duka zima likapiga makofi. Sikusikia maumivu yoyote, hata chembe.

Nilipotema kizibo mkononi, kilikuwa na kipande kidogo cheupe pembeni, chenye ncha. Mikasi akakitazama, kisha akanitazama mimi. Ni kipande cha chupa, bila shaka. Kingekuwa cha jino ningesikia maumivu.

Kesho asubuhi nitakipeleka kwa mwenye duka la soda. Chupa zake zinameguka, atamuumiza mtu.