Subira Isiyo na Muziki

Leo nimejivunjia heshima kwa kitufe kimoja, na shahidi ni mama yangu mzazi.

Kazi yangu ni kufunga mitambo ya simu za mtandao. Asubuhi, katika ofisi yetu ya Changamwe, mimi na mwenzangu Sauda tulibishana juu ya sentensi moja ya kanuni za simu hizo: anayemsubirisha mwenzake kwenye simu huendelea kutuma sauti, ila hapokei. Sauti gani? Kanuni imenyamaza.

"Ni muziki," nilisema. (Nina shahada. Niliisema kwa sauti ya shahada.)

"Au ni wewe mwenyewe unavyoongea," Sauda akajibu. "Ijaribu kwanza, kaka Athumani."

Sikuijaribu.

Baadaye mama akapiga simu ya ofisini kutoka Utange. Baba alifariki mwaka jana. Tangu mazishi, mama humuulizia kila siku, nami humwambia yuko Shanzu, kwenye hoteli alikokuwa mpishi. Niliamini amesahau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Babako hajarudi?"

Nikabonyeza kitufe cha kusubirisha, nipate kupumua.

"Anamuulizia mzee tena," nikamwambia Sauda. "Nimechoka kumfufua kila siku kwa uongo. Na hoteli yenyewe ilishafungwa. Hata uongo wangu ni mbovu."

Sauda aliitazama simu. "Ule muziki uliuweka?"

Sikuwa nimeuweka.

Nikairudia simu taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Hoteli imefungwa?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Maskini. Jiko lile alilipenda." "Athumani, najua amekufa. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Lakini wewe hukulia, wala hukumtaja. Nikasema nitakuuliza tu, mpaka siku utakayochoka uniambie."

Nililia, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya Sauda na simu tatu za majaribio. Kwa aibu nikabonyeza kitufe, mama asinisikie.

(Ndiyo. Kile kile.)

Alisikia yote. Niliporudi, alikuwa akisema polepole, "Lia, baba, lia. Niko hapa."

Anayetaka kunicheka, ruhusa. Ila akate simu kwanza.