Walinzi Wangu na Sufuria ya Shaba

Jumamosi, 4 Mehr

Eshrat, huna haya! Mtu mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, unatuma watu kwangu kuchukua sufuria ya shaba bila hata salamu! Nakusema humu daftarini kwa sababu mbele ya wajukuu nauogopa mdomo wangu.

Ni kweli ilikuwa ya mama yako. Lakini marehemu mume wangu, kaka yako wewe, aliibeba mgongoni hadi hapa. Na nani kaisugua miaka yote hii? Mimi, Monavvar. Mwezi ujao, Mehr ikiisha, kijiji kizima kitakula chakula cha nadhiri kutoka humo, na mwenye sufuria ndiye atakayeshika mwiko. Eshrat ashike mwiko? Nife kwanza!

Bahati nzuri Nastaran amekuja, mjukuu wangu wa maabara kule Isfahan. Anatafuta damu ya wanawake waliowahi kuugua salak, kile kidonda kinacholetwa na usubi. Mimi nina kovu shavuni, kubwa kama tende. Eshrat analo kwenye kiwiko. Utotoni mama yake alimchanja kwa majimaji ya kidonda cha mtoto mwingine, makusudi, augue mahali pasipoonekana na uso usalimike. Uso wenyewe ndio ule.

Nastaran anasema damuni mna walinzi. Wakikitambua kimelea cha salak, wanakimeza. Anataka kuona walinzi wa nani wanamezaje.

Wazo! Nikampelekea wifi yangu ujumbe: mwenye walinzi hodari achukue sufuria. Akajibu kwamba walinzi wake hata wakiwa vipofu watawashinda wangu. Tumekubaliana. Nastaran kashika kichwa.

Jumapili, 5 Mehr

Mlinzi mwenye njaa atakula. Aliyeshiba atalala. Hilo halihitaji shule.

Kwa hiyo nimefunga tangu alfajiri. Eshrat nimemwalika chakula cha mchana: abgusht, mchuzi mzito wa nyama na dengu, na mafuta ya mkia wa kondoo. Alikataa mara tatu kama adabu inavyotaka. Mara ya nne keshavua viatu. Bakuli tatu! Mkia wote! Akasema chumvi haikukolea, kisha akaomba ya kubeba. Nikambebesha. Kula, wifi, kula. Walinzi wako walale fofofo.

Jumatatu, 6 Mehr

Nimezimia. Sindano ilikuwa haijanigusa hata. Nilipofumbua macho, nani ananipepea kwa kitambaa chake? Eshrat! Anawaambia foleni nzima ya kutoa damu kuwa wifi yake tangu alipoletwa bibi harusi ni mwepesi kama ganda la kitunguu. Afadhali ningebaki nimezimia.

Damu ilitoka hata hivyo. Nastaran anasema walinzi wanalelewa kwanza kwenye visahani, wiki nzima, ndipo wapewe vimelea. Nikamwagiza asiwape wangu chakula. Akasema watakufa, Bibi. Basi wape kidogo.

Jumatatu, 13 Mehr

Ushindi!

Nastaran alinipeleka maabara nikachungulia kwenye hadubini. Walinzi wangu hao, wamejitandaza kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Ndani yao vimelea, vidogo kama ufuta. Karibu kila mlinzi kajaza tumbo! Wa Eshrat? Wengi watupu. Wavivu wamejaa mkia wa kondoo. Nilipiga vigelegele, mtu akaangusha chupa.

Nastaran akasema nisubiri, zimebaki siku mbili. Nisubiri nini? Nimemwambia mwoka mkate, mke wa mwoka mkate, na kila aliyekuja kununua mkate. Eshrat alifunga dirisha. Nimeisugua sufuria mpaka kovu langu linaonekana humo. Limependeza.

Jumatano, 15 Mehr

Balaa.

Nastaran kaja na sura ya msibani. Ndani ya walinzi wangu vimelea vimezaana. Ndani ya walinzi wa Eshrat vimekufa vyote.

Kumbe kimelea hakikamatwi. Kinataka kumezwa! Kikiingia mwilini kinajipaka vitu vya damu yetu wenyewe, na vitu hivyo kwa mlinzi ni alama: huyu wa kula. Mlinzi ana mikono inayoijua alama. Anakamata, anameza, anajiona shujaa. Kimelea kule ndani kinatandika godoro na kulea watoto. Mlinzi gani huyo? Hovyo kabisa!

Nikauliza kama ni ule mkia uliowatia nguvu walinzi wa Eshrat. Nastaran kasema chakula hakihusiki kabisa. Ananificha. Nimemlisha adui kwa mkono wangu! Nikauliza kama basi nitaugua. Akasema hapana, Bibi, kwenye kisahani wako peke yao. Mwilini wana wenzao wanaowaamrisha kuua, ndiyo maana kidonda chako kilipona.

Eshrat kaja mwenyewe na vijana wa kuibeba sufuria. Mbele ya mwoka mkate kanambia, "Wifi, walinzi wako wamekuiga wewe. Mgeni akija na maneno matamu tu, mlango wazi."

Niliishikilia sufuria kwa mkono mmoja mpaka kona ya pili. Machozi ni ya vitunguu.

Alhamisi, 16 Mehr

Nimelala nikafikiri. Kwa nini niwe upande wa walinzi? Walinzi wangu wameshindwa. Mjanja ni kimelea!

Nimepika sholezardi, wali mtamu wa zafarani, trei nzima. Juu yake, kwa mdalasini, nimeandika jina la mama yake Eshrat, Mungu amrehemu. Nani atalifungia mlango jina la mama yake? Ataniingiza mpaka jikoni, sufuria ilipo. Nikishaingia sitoki mpaka siku ya nadhiri, mwiko mkononi.

Nastaran ananikumbusha kuwa walinzi wa Eshrat ndio wanaoua. Hao ni wa damu, mwanangu. Mdomo wake haujawahi kukataa chakula.

Acha kucheka, Nastaran. Nifungie godoro langu, usisahau mto, halafu shika upande wa pili wa trei hii. Na ole wako uuguse mdalasini!