Tezi Dume na Kopo la Unga

Jumatatu, 3 Machi
Nimemnyoa mteja nusu kichwa, nikakimbia chooni. Nimesimama, nimesubiri, nimesihi. Matone! Kurudi, kiti kitupu. Mteja amevuka barabara na upara wa upande mmoja, akamaliziwe kwa Wembe, kinyozi hasimu wangu. Wembe ni mkubwa kwangu kwa umri, lakini sijawahi kumwona akikimbilia choo. Mke wangu anasema ni tezi dume, niende hospitali. Hospitali! Nikapimwe na nani, kwa kidole gani?

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga bongo. Uzee ni nini? Upungufu wa homoni za kiume. Basi dawa ni kuziongeza! Muuza vyuma vya mazoezi amenipatia kopo la unga wa kuamsha homoni. Kijiko kimoja kwa siku, akasema. Nimekunywa vitatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumatano, 5 Machi
Kifua mbele. Nimemwimbia mteja. Nimempigia Wembe saluti ya dharau dirishani. Mkojo? Umepungua sana. Ushindi!

Alhamisi, 6 Machi
Umepungua hadi umekatika. Tumbo gumu kama ngoma. Nikazunguka kinyozini nimejikunja, nikimwambia mke wangu natafuta kitana kilichoanguka. Hakudanganyika. Akatoka mbio kumtafuta jirani mwenye gari. Nani mwenye gari? Wembe! Akamwacha mteja na povu kidevuni, akanibeba mgongoni kama mtoto. Njiani nimelia. Akaniambia nisione haya, hata yeye anameza dawa ya tezi tangu mwaka juzi. Mwaka juzi! Na mimi nikimwonea wivu.
Hospitalini wakanipitishia mpira wa mkojo. Aaah, raha! Nimemwahidi muuguzi shamba la marehemu babu.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari, binti wa rika la mwanangu, ameuliza nilikuwa natumia nini. Nikasema maji tu. Mke wangu akaweka kopo mezani.
Binti akanieleza taratibu. Homoni za kiume ndizo huikuza tezi. Na seli hazikui kila moja kivyake: zile za nyama inayoishikilia tezi hupokea amri ya homoni, kisha huzichochea jirani zake ziongezeke, mpaka njia ya mkojo inabanwa. “Baba,” akasema, “nyumba inaungua, wewe unaleta kuni?”
Amenipa vidonge. Vitaisinyaza tezi, ila kwa miezi kadhaa. Nivute subira.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi nyumbani, nimelala, mfuko wa mkojo ubavuni. Wembe amekuja kunijulia hali. Ameleta salamu za wateja wangu. Wote wazima, anawanyoa yeye.
Miezi! Nimefikiri upya, safari hii kisayansi. Kama homoni za kiume hukuza, za kike si zitapunguza? Mke wangu ana vidonge vyake vya homoni, vya joto la ukomo wa hedhi, kabatini nyuma ya sabuni. Nimemeza viwili. Tayari najisikia mwepesi.
Mke wangu anauliza nani amegusa kabati lake. Nimemwambia namshuku Wembe.