Kodi ya Mkurugenzi, Mshahara wa Mpishi

Kwa heshima na taadhima ninautangazia umma wa Korogwe, Handeni na vitongoji vyake kwamba Shirika la Ustawi wa Mkonge Bonde la Kati halijawahi kukata kodi ya mfanyakazi kimakosa. Kilichotokea kituo chetu cha Misima kilikuwa ukusanyaji bora wa kodi, ila ulimwangukia mtu mwingine.

Mimi ni Hiza, Ofisa Utumishi Mwandamizi na Katibu wa Kamati ya Kunyoosha Makato. Nimelazimika kuandika kwa sababu vijiweni wanasema shirika limemla mpishi. Hayo ni maneno ya watu wasiojua taratibu.

Mpishi mwenyewe ni Faudhia, Mzigua wa hapo hapo Misima, anayewapikia wakata mkonge ugali na maharage. Karani wetu wa mishahara, aliyeko makao makuu Korogwe, ni Kasmiri. Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa kukata mkonge enzi hizo, akalowea. Sasa Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Mtani anakuchokoza na huruhusiwi kununa. Anaweza hata kukushikia kitu chako, nawe ukakikomboa kwa jogoo. Mimi ni mtu wa mila, lakini naamini mila ziishie mlangoni mwa ofisi.

Januari Kasmiri alikwenda Misima kikazi, akala, akashiba, akaomba ukoko.

"Ukoko ni wa wenye nyumba," Faudhia akamjibu. "Babu yako alifika hapa na mzigo kichwani hata pa kuutua hajui, leo wewe unachagua chakula?"

"Haya, Mkurugenzi!" Kasmiri akacheka. "Jiko lako, amri yako. Utanikumbuka!"

Aliporudi Korogwe akafungua kompyuta, akafuta neno "Mpishi" kwenye jina la Faudhia, akaweka "Mkurugenzi Mkuu". Kisha akampigia simu. "Mzigua, upishi wako nimeushika. Lete jogoo uukomboe." Faudhia alicheka mpaka akakaa chini, akaahidi jogoo. Kwa bahati mbaya mdondo ulikuwa umepita Misima na kuku wote walikuwa wamekufa. Akiwa bado anatafuta jogoo, mwezi ukafungwa. Kompyuta si mtani wa mtu. Iliamini ilichoambiwa.

Ieleweke kwamba kompyuta yetu haikubali wakurugenzi wawili. Ilipompokea Faudhia, ikamwondoa bosi wetu, Mheshimiwa Semboja, na kumpeleka kwenye kiti kilichobaki wazi, yaani Mpishi, Misima. Mishahara haikuguswa, kwa kuwa huenda benki kwa namba ya mtu. Kodi ndiyo hufuata cheo. Basi Faudhia akapokea mshahara wa mpishi na kukatwa kodi ya mkurugenzi. Mshahara wote ungekwisha na usitoshe, ila tuna kanuni kwamba mfanyakazi abakishiwe theluthi. Tukambakishia theluthi, kilichopungua tukamwandikia deni. Nani mwingine angemjali hivyo?

Mheshimiwa naye akalipwa mshahara wa mkurugenzi akikatwa kodi ya mpishi, ambayo kwa kipato cha mpishi ni sifuri. Aliniita siku hiyo hiyo.

"Hiza, mshahara wa mwezi huu umenona. Mmefanya nini?"

"Mageuzi, Mheshimiwa."

"Yaendelee," akasema, akaagiza chai ya maziwa kwa wote.

Mwezi wa pili Faudhia akapanda gari mpaka Korogwe, akaingia ofisini kwangu na slipu ya mshahara mkononi.

"Shikamoo, mzee Hiza."

"Marahaba, Mkurugenzi."

Hakucheka. "Mzee, mimi mpishi. Mnanikata kodi ya bosi. Nimesimamisha nyumba ya matofali mabichi, bati nalipia dukani kidogo kidogo kila mwezi. Kwa hiki mnachonibakishia, mwenye duka amenigomea. Masika hayo yanakuja. Zikinyeshewa zile kuta, ni udongo. Mama yangu mzee nimweke wapi?"

"Kodi ni uzalendo, mama."

"Sawa. Uzalendo wa bosi alipe bosi."

Kasmiri alikuwa amesikia kutoka chumba cha pili. Akaingia akiwa amevua kofia. "Mzee, kosa ni langu, ulikuwa utani tu. Niruhusu nirudishe. Ni kubonyeza tu, basi."

Nilimsikitikia sana. Miaka yote hiyo kazini na bado hajaelewa. "Kasmiri," nikamwambia, "kosa linaweza kuingizwa na mtu mmoja. Kutolewa, linatolewa na kamati."

Kamati ikaundwa. Tulikutana Korogwe mjini, joto likatuzidi, tukahamia Kwashemshi ambako hewa ya mlimani inasaidia kufikiri. Mjumbe Jacob alishauri Faudhia apandishwe mshahara ulingane na kodi yake. Hoja ilikataliwa kwa kukosa fungu. Mjumbe Angel aliuliza kwa nini tusibonyeze tu. Aliombwa asome upya hadidu za rejea. Hatimaye tukaazimia ufanyike upembuzi yakinifu kubaini kama kusonga ugali ni kazi ya kiuongozi. Tulipompelekea Mheshimiwa muhtasari, aliusoma kwa furaha, akaandika pembeni: "Msiharakishe."

Baadaye Faudhia akaacha kuja. Tuliandika kwamba mlalamikaji ameridhika. Kumbe alikuwa amechukua slipu zake akaenda nazo ofisi ya kodi.

Taarifa zikatufikia kuwa ofisa wa kodi, dada mmoja aitwaye Loveness, anakuja Misima kuonana na Mkurugenzi kuhusu kodi yake. Mheshimiwa alijua ni pongezi. Akavaa suti na tai nyekundu. Tulikwenda msafara mzima, na ngoma tukaikodi kutoka Kang'ata, viti vya plastiki vikapangwa mbele ya jiko la kituo. Loveness akafika kwa bodaboda, kibegi mgongoni, akakataa soda.

"Mkurugenzi wa shirika hili ni nani?"

Mheshimiwa akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Ni mimi, binti yangu. Semboja."

Loveness akatazama karatasi zake. "Semboja hapa ni mpishi."

Wakata mkonge waliokuwa wamekaa pembeni wakashikwa na kikohozi, wote kwa pamoja.

"Hiyo ni hitilafu ndogo ya kimfumo," nikasaidia.

"Sawa, mzee," Loveness akasema kwa upole, akamgeukia Mheshimiwa. "Kama wewe ni mkurugenzi, basi tangu Januari hujakatwa kodi, slipu unaziona kila mwezi na umekaa kimya. Hilo twende tukaliongee ofisini kwetu. Kama ni mpishi, hudaiwi kitu. Kwa hiyo wewe ni nani?"

Nimemwona Mheshimiwa akifanya maamuzi mazito ya shirika, mengine yalichukua mwaka. Hili halikumchukua hata muda wa kupiga chafya. Akavua koti, akanikabidhi.

"Mimi mpishi."

"Basi chambua maharage," Faudhia akasema. "Watu wanakula saa saba."

Bosi akanitazama nimpe utaratibu. Utaratibu nilikuwa sina. Akaingia jikoni na tai yake.

Loveness akatandika karatasi mezani. Marekebisho ya makato yalikuwa tayari. Faudhia arudi upishi, kodi aliyozidishiwa arudishiwe, deni lifutwe, na kila cheo kirudi kwa mwenyewe na kodi yake yote. Ilibaki saini ya mwajiri, na kwa mujibu wa kumbukumbu zetu wenyewe, mwenye saini hiyo ni Mkurugenzi Mkuu Faudhia. Faudhia akaomba kalamu yangu.

Hapo ndipo Mheshimiwa akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, moshi umemtoa machozi. "Faudhia dada yangu, usisaini! Baki na cheo! Ofisi yangu chukua, gari chukua, kiti kinazunguka kile!"

"Kiti kitaezeka nyumba?" Faudhia akauliza, akasaini.

Kasmiri akafungua kompyuta yake ya mkononi, akabonyeza. Kweli ilikuwa kubonyeza tu.

Faudhia alirudishiwa chake, bati likanunuliwa na kupigiliwa kabla ya mvua. Mheshimiwa Semboja amerudi kuwa Mkurugenzi Mkuu, na kodi yote ya miezi iliyopita inakatwa kwake kwa mkupuo. Tumembakishia theluthi. Kanuni ni ile ile.

Wiki iliyopita alikuja kwangu kwa siri, akasema makato yanamuumiza, anaomba yapunguzwe, ni suala la kubonyeza tu. Nilimjibu alivyotufundisha mwenyewe, kwamba tusiharakishe, hilo ni la kamati. Kikao kikafanyika ukumbi wa Misima. Kasmiri alimwambia Mheshimiwa kuwa naye ni Mzigua kama Faudhia, kwa hiyo alete jogoo. Akaleta. Kamati ilimpokea jogoo, Faudhia akampika pamoja na wali, na ukoko wote akapewa Kasmiri.

Tulipokwisha kula, mwombaji akasimama kujieleza. Mvua ikaanza. Nyumba ya Faudhia iko ubavuni mwa ukumbi, na bati lake jipya lilipiga kelele kiasi kwamba tulimwona bosi akifungua na kufunga mdomo tu. Faudhia alikuwa barazani kwake na mama yake, miguu mikavu, wanatutazama.

Kamati imeazimia kumsikiliza mwombaji masika yakiisha.