Mkono wa Kushoto wa Dokta Bediako

Yaw Bediako hakuwahi kukanyaga chuo cha udaktari, ila alikuwa na koti jeupe, kipaza sauti cha betri na karatasi ya dalili za ugonjwa aliyoiokota nje ya hospitali, na kwa soko la Kumasi hivyo vilitosha. Karatasi ile aliikariri yote. Basi asubuhi hiyo alipomwona Maame Konadu, tajiri wa vitenge, akiinuka kitini huku ameshika kiuno, alijua riziki imefika.

"Mama zangu!" kipaza sauti kikanguruma. "Nani mwili mzima unamuuma, miezi mitatu na zaidi? Nani analala fofofo, akiamka amechoka utadhani alikesha akitwanga fufu? Nani anaingia chumbani anasahau alichofuata? Nani akiguswa bega tu anaruka? Nani kapimwa damu, kapigwa picha, akaambiwa huna kitu, nenda nyumbani?"

Maame Konadu akaacha kukunja kitenge. "Mimi. Mwaka wa tatu huu. Wakwe zangu wanasema ni uvivu."

"Uvivu!" Bediako alisikitika kwa ustadi mkubwa. "Maame, chupa kumi na mbili tu, mwezi mmoja, utatwanga mwenyewe."

Ndani ya chupa mlikuwa na maji, sukari iliyoungua na gome la mti ambao hata yeye hakuujua. Akachukua moja, akamnyooshea kwa mkono wa kushoto.

Soko zima likageuka. Kumasi unaweza kumwibia mtu akakusamehe, lakini kumpa kitu kwa kushoto, tena mama wa umri ule!

"Hee!" muuza nyanya akang'aka. "Huyu kalelewa na mbuzi?"

Bediako alitaka kuomba radhi, lakini mkono wa kulia ulikuwa umegoma kuinuka kwa maumivu tangu alfajiri, na hata jina la dawa yake lilikuwa limemtoka.

Maame Konadu hakukasirika. Alimketisha kwenye kiti chake, akambonyeza bega kwa kidole kimoja, taratibu. Bediako akaruka mpaka koti likapasuka kwapani.

"Tangu lini?"

"Nini, Maame?"

"Usinifanye mtoto. Tapeli wa mji huu hauzi kwa kushoto hivi hivi. Tangu lini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nyumbani shangazi yake alimwita Godoro, kwa kutotoka kitandani.

"Miezi minane," akasema, safari hii bila kipaza sauti. "Nikibeba kreti leo, siku tatu siinuki. Nilidhani ni laana za wateja."

"Na karatasi ya hospitali, hata mimi ninayo, unaisoma kila siku kwa sauti!" Maame akacheka hadi akashika tena kiuno. Kisha akanong'ona, "Dawa ninayo. Ila dhamana kwanza, hadi uthibitishe umeifuata. Lete kipaza sauti."

Akampa, na shukrani juu.

"Haya, dawa?"

"Alhamisi, saa mbili, hospitali ya mlimani. Kuna daktari mwanamke, wa kweli yule. Ugonjwa una jina refu, faibromayaljia, na hauponi kwa chupa. Kwanza atakupima, ahakikishe si kitu kingine. Mimi alinifundisha kupumzika kabla sijaishiwa."

"Kumbe unajua! Sasa mbona ulikuwa unanunua?"

"Nani kasema nanunua? Nilipenda tu unavyoikariri."

Alhamisi akaenda, shingo upande. Daktari alimsikiliza nusu saa nzima, akampima, akaandika, akasema, "Nakuamini." Bediako alikuwa amekula miaka kumi kwa kuaminiwa akidanganya. Akisema kweli, hii ilikuwa mara ya kwanza. Akalia palepale, bila aibu.

Akarudi sokoni na kadi yake ya kliniki, kudai mali yake. Alikisikia kipaza sauti tangu mbali.

"Nani analala fofofo, akiamka amechoka? Aende hospitali ya mlimani! Na akirudi, vitenge vipya viko hapa!"

Wanawake walijaa kibandani kwa Maame Konadu hadi njia ikaziba. Bediako akaonyesha kadi. Maame akaisoma pande zote mbili.

"Naona umeandikiwa kurudi mwezi ujao. Basi na kipaza sauti mwezi ujao."

"Maame! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana nini?"

Bediako akanyoosha mkono wa kulia kudai chake, polepole, meno yamekazwa, mpaka ukamfikia. Maame akauwekea kenkey ya moto.

"Kula, mwanangu. Kesho uje unisaidie kukunja vitenge. Ukiwa umekaa."

Bediako akakaa, akala, akisikiliza maneno yake mwenyewe yakiuza kuliko alivyowahi kuuza yeye, na hakulipwa hata pesewa moja.