Mashauri Yenu Yameniharibia Binti na Kibao

Bunia, tarehe 11 Mai 2016

Kwa Bwana Ambroise, mwalimu mukubwa wa kituo cha vijana cha kazi ya site

Bwana Mwalimu,

Nakusalimia kwa heshima yote, weye pamoja na walimu wenzako. Miye ni Gaspard, mwandika vibao, ateliye yangu iko nyuma ya soko. Kama umekwisha kununua dawa, nyama ao sabuni katika muji huu, umepita chini ya kazi ya mukono wangu. Miye pia ni baba ya Elodie, aliyesoma kwenu miezi tisa namna ya kutengeneza site za internet. Siku ya kumaliza mulimupa karatasi yenye mashauri kwa vijana wanaoanza kazi hiyo. Ameibandika juu ya kitanda, fasi ambapo watoto wa wengine wanabandika wachezaji wa mupira.

Karatasi za mashauri kila shule inagawa, na siye wazazi hatujakataa. Lakini kosa lenu ni kwamba binti yangu anaifuata karatasi yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mumeandika kwamba kijana aanze na kazi ya mutu anayemujua. Akaanza na miye. Alikuja na daftari, akaniuliza wateja wangu ni nani. Nikamujibu kwamba muteja wangu ni kila mutu mwenye ukuta. Hakuridhika. Alikaa siku tatu kwenye kiti mbele ya ateliye akisikiliza watu wanauliza nini. Wanauliza kama wanaweza kuona vibao vingine, kazi itachukua siku ngapi, na kama nitafika mupaka kijiji cha Kilo. Hakuna hata mumoja aliyeuliza juu ya cheti nilichopata kwenye foire, yale maonyesho ya biashara ya 1994. Kwa hiyo cheti changu hakiko kwenye site. Kiko nyumbani, kinaangalia kabati.

2. Mumeandika kwamba mapambo yasishinde kazi. Miye niliomba vitu kidogo tu: simba, tai, maporomoko ya maji, picha yangu nikiwa na koti, herufi zinazowaka kama moto, na wimbo wa korali yetu uanze wenyewe mutu akifungua. Binti akaniletea ukurasa mweupe. Bwana Mwalimu, miaka makumi mbili na tano watu wananilipa ili niondoe weupe! Nilipomuuliza sababu, alisema kuna mutu amesimama Iga Barrière anangojea gari, telefoni yake ni ndogo na rezo ya internet ni mbaya, na huyo naye lazima aione kazi yangu. Nikasema mutu anayengojea gari Iga ana wakati wa kutosha kungojea na simba wangu. Akanijibu kwa upole: "Baba, ule mutu iko na wakati, lakini haiko na megas."

3. Mumeandika kwamba undugu usichukue nafasi ya mapatano. Shemeji yangu Osée, mwenye kuuza mabati, alitaka site kwa njia ya baraka, bila kulipa, maana yeye ndiye aliyemubeba Elodie siku ya ubatizo. Elodie alimushukuru kwa kumubeba, kisha akamupa karatasi ya kutia sahihi: nini kitafanywa, kwa bei gani na siku ngapi, na nani ataleta picha. Nilijificha nyuma ya mulango nikingojea matusi. Osée akatia sahihi. Sasa anamuita Madame Elodie, na akifika nyumbani anamusalimia yeye kwanza. Miye ananisalimia akikumbuka.

4. Mumeandika kwamba mutu aliyekosea aseme mwenyewe, kabla muteja hajaona. Elodie alikosea namba ya telefoni kwenye site ya wauza kahawa. Kosa lilikaa asubuhi moja tu, na hakuna aliyeona. Alivaa viatu akaenda kuwaambia. Nilidhani watamufukuza, kumbe walimuongezea kazi. Haya yangekuwa yake tu, lakini miye nilikuwa na shida yangu. Kwenye duka la dawa la Mama Adèle niliandika PHAMARCIE pahali pa PHARMACIE, kwa herufi kubwa nyekundu, miaka kumi na moja iliyopita. Siku ile nilimuambia kwamba Ulaya sasa wanaandika hivyo. Baada ya habari ya kahawa sikuweza tena kupita kwenye ile barabara. Nikabeba ngazi, nikaenda kusema na kusahihisha. Mama Adèle akatoka, akaangalia juu, akasema alifikiri ninangojea bei ya rangi ishuke. Alijua tangu mwanzo, yeye na wagonjwa wake wote.

5. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mumeandika kwamba kwenye ukurasa unaoitwa "Siye ni nani" pasiandikwe uongo.

Bwana Mwalimu, ateliye yangu haikuanzishwa na mutu mumoja. Tulikuwa wawili, miye na Michel. Yeye alikuwa anachora herufi, miye nilikuwa ninajaza rangi. Zile herufi ambazo watu wananisifu nazo, nilijifunza kwa mukono wake. Kisha ikaja vita ya 2003. Watu wake na watu wangu, unajua mwenyewe, sitaandika zaidi. Asubuhi moja Michel alipita mbele ya nyumba yangu na bibi yake na mutoto mugongoni, wanakwenda njia ya Aru. Majirani walikuwa wananiangalia. Sikutoka. Amani iliporudi, nilipiga rangi juu ya jina lake kwenye kibao, na kila aliyeuliza nilimuambia nilianza peke yangu.

Elodie aliniuliza nani alianzisha ateliye. Nikasema miye. Akamuuliza mama yake, Scholastique, na mama yake hajui kusema uongo, ni ugonjwa wa ukoo wao. Mutoto akarudi, hakunigombeza. Aliniambia: "Baba, ile ya peke yako siwezi kuiandika. Kama hautaki ya kweli, tuache pale bila kitu." Na akaacha pale bila kitu. Wiki mbili site yangu ilikuwa na vibao, bei na njia ya kufika, lakini ukiuliza siye ni nani, kimya. Miye mwenyewe nilikuwa ninafungua telefoni kila asubuhi kuangalia ule utupu. Mwishoni nikamuambia aandike: Gaspard na Michel.

Siku nane baadaye telefoni ililia, kutoka Ariwara, kule upande wa Aru. Mutu hakusalimia. Alisema: "Gaspard, ile M kwenye kibao cha mukate umeiharibu."

Nilikaa chini, pale pale kati ya makopo ya rangi. Tulisema na Michel juu ya ile M, aliyoiona kwenye site, mupaka unite za telefoni yake zikaisha. Nikamupigia miye. Juu ya ile asubuhi ya 2003 nilisema neno moja, na yeye akajibu moja. Hayo hayakuhusu, Bwana Mwalimu.

Kwa sababu hizi zote naomba kituo chenu kifungwe. Kama kufunga ni vigumu, basi vijana wafundishwe pia uvivu kidogo, maua mengi, na uongo mudogo wa kusaidia wazazi. Mukiendelea hivi, muji huu utajaa watoto wanaouliza kabla ya kufanya, wanaomaliza walichoahidi na kukiri walipokosea. Siye wakubwa tutakwenda kuishi wapi?

Pokea heshima za mutu aliyeumizwa na elimu. Unisalimie bibi yako, walimu wote, sekretere, na hata yule aliyeandika karatasi. Scholastique anawasalimu, lakini yeye yuko upande wenu.

Gaspard
mwandika vibao

N.B. Elodie amesoma barua hii. Anasema neno kubwa nimeliacha chini, musomaji atachoka kabla ya kulifikia. Neno kubwa ni hili: Michel anafika siku ya posho, jumamosi hii. Wanasema barabara iko muzuri wiki hii, lakini hata hivyo nitatoka mapema nikamungojee Iga Barrière. Anakuja na Estelle, yule mutoto aliyekuwa mugongoni. Amemaliza shule ya musingi, na anataka kujifunza kazi ya site. Basi, tafadhali, musifunge kwanza. Andikeni jina lake kwenye orodha, na kama fasi zimejaa, ongezeni kiti. Tutamuleta lundi, jumatatu asubuhi, miye na baba yake.