Delfina Treviño na Akidi ya Nane

Sogeeni, enyi mliowahi kula kilichopoa, nanyi msioijua adha yake. Zimeni simu, tegeni masikio, niwasimulie habari za Delfina binti Treviño, Mpambe wa Baraza la Wanafunzi, yaani mlinda utaratibu wa vikao, mvuka lami, mwenye ulimi mkali kuliko pilipili za bibi yake, jinsi alivyotoka peke yake mchana wa Mei, katika jua la Texas lisilowahurumia hata wawakilishi wa watu, akarejea na akidi. Mimi nilikuwa karani wa Baraza, na sehemu niliyoikosa alinisimulia mwenyewe, bila kujipunguzia sifa hata kidogo.

Chanzo cha vita kilikuwa maikrowevu. Ilikuwa moja tu shuleni, na tangu enzi za kale, yaani miaka mitatu, iliwekwa chini ya himaya ya kidato cha mwisho peke yao. Bibi yake Delfina aliamka alfajiri kila siku kumpikia wali mwekundu na maharage, na kila mchana mjukuu alikula vikiwa vimeganda mafuta. Hilo lilimuuma kuliko njaa. Akaandika muswada wa mstari mmoja: maikrowevu iwe ya wote.

Baraza lilikuwa na wajumbe kumi na wawili. Saba tuliutaka muswada, Delfina na mimi tukiwemo. Watano wa kidato cha mwisho waliupinga. Lakini katiba yetu, tuliyoitunga kwa kuiga ya taifa chini ya jicho la Bi Pruitt, mwalimu wa uraia, ilitamka katika kifungu cha nne kwamba wasipokuwepo wajumbe wanane hakuna akidi, na bila akidi kura si kura. Basi wale watano wakafanya kama wafanyavyo wabunge wanaojua kwamba watashindwa: wakatoroka. Walivuka barabara wakajichimbia katika duka la donati. Kikao chenyewe kilikuwa cha mwisho mwaka ule, na kengele ingelia saa saba kasorobo.

"Mpambe," akanguruma Spika, "kawalete!"

"Kumbuka mipaka yako, Delfina," akasema Bi Pruitt. "Mamlaka ya Baraza yanaishia kwenye uzio. Ile barabara ni ya jimbo, na duka liko chini ya mji."

"Na serikali ya shirikisho, Mwalimu?"

"Hiyo ina mambo yake. Nenda, ila usimguse mtu."

Akaenda. Akavuka njia nne za magari, akausukuma mlango wa ngome, akasimama mbele ya Braxton Hollis, jemadari wa watoro, aliyekuwa na sukari hadi kwenye nyusi.

"Huna ubavu wa kunikamata huku, dogo," akasema Braxton.

"Nani akukamate? Nimekuja kukupa pole. Ile hotuba yako ndiyo basi tena?"

Ikumbukwe kwamba Braxton alikuwa ameandika hotuba ya kurasa kumi na moja juu ya haki za waliotangulia, akaifanyia mazoezi bafuni wiki mbili, wazazi wake wakiwa mashahidi wasiopenda.

"Imefanya nini hotuba yangu?"

"Hamna. Watu wanasema tu kwamba huna hotuba, una donati."

"Nani anasema?"

"Kaka, mimi naleta habari tu. Karani ataandika: Hollis hakutamka neno."

Braxton akasimama, makombo yakamwagika. "Hakutamka neno? Mimi? Nakuja! Nawapinga mbele ya macho yenu, na kura ya hapana napiga!"

"Braxton, kaa chini, we!" akapiga kelele mwenzake Paisley. "Watakuhesabu!"

"Wanihesabu! Wajue na mimi ni mtu!"

Akaingia barazani kama mshindi, Delfina nyuma yake akiwa ametulia tuli. Nikahesabu vichwa mara mbili: wanane. Braxton akahutubia dakika tisa, na nakiri kwamba ilikuwa hotuba nzuri. Kuna mahali palinigusa. Kisha tukapiga kura. Saba ndiyo, moja hapana, na ile hapana ilisikika hadi maktaba.

"Mwalimu, hoja zangu zilikuwaje?" akauliza, akijipangusa jasho.

"Hoja zako safi, Braxton," akasema Bi Pruitt kwa upole. "Na tunakushukuru kwa akidi."

Akakodoa macho. Midomo yake ikahesabu kimyakimya, ikafika nane, ikakoma. "Kifungu cha nne," akasema, akakaa.

Naam, ndivyo himaya ya miaka mitatu ilivyoanguka. Kesho yake, siku ya kwanza ya uhuru, shule nzima ilijipanga mbele ya mashine moja, wanafunzi mia moja na kumi, kila mmoja na dakika zake mbili za kikatiba. Kengele ililia Delfina akiwa wa thelathini na nane, na nyuma yake Braxton na supu yake. Delfina akafungua chombo chake palepale, akala wali uleule, na mafuta yaleyale yaliyoganda.

"Bado baridi?" nikamuuliza.

"Barafu," akasema, akicheka mdomo umejaa. "Lakini leo maikrowevu nimeikosa kihalali."